Zenit-E ya mjomba, na studio iliyoniunguzia Mtera yangu

Imepita miezi kadhaa na nilidhani hasira zitapoa. Juzi nimefungua droo nikakutana na ule mkanda wa picha, zikapanda upya. Acha niseme.

Kamera yenyewe ni Zenit-E, ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia. Mjomba alirudi nayo kutoka masomoni enzi za Wasovieti, ikalala kabatini kwake Kikuyu, hapa Dodoma, miaka na miaka, mpaka siku aliponikuta napiga machweo ya Mlimwa kwa simu. Akaniambia, "Mama, njoo nikupe kitu cha kazi." Sifa zake mtazisoma kwingine. Mimi nasema yaliyonikuta.

Kwa mandhari ya huku kwetu niliipenda mno. Kipima mwanga chake kimeshakufa, mshale umelala hauamki, lakini jua la Dodoma halikudanganyi: mkanda wa kasi ya 100, tundu la lenzi kwenye 16, kasi ya shata kwenye 125, unapiga na picha inatoka. Lenzi ni ya milimita 58, haimezi mbuyu mzima ukisimama karibu, kwa hiyo unarudi nyuma, unarudi nyuma, mpaka mgongo unakutana na miiba. Halafu unalenga lenzi ikiwa wazi, na kabla ya kubonyeza unazungusha pete kuibana, tundu la kuchungulia linaingia giza. Ukisahau ile pete picha imeharibika. Nilisahau sana mwanzoni. Lakini utaratibu huo ulinifundisha kutulia. Kwa simu napiga mbuyu mmoja mara 40 na sirudi kuangalia hata picha moja. Kwa mkanda wa picha 36 nakaa chini nasubiri wingu lisogee.

Mwishoni mwa kiangazi nikaamua kwenda bwawa la Mtera. Nikapanda gari la barabara ya Iringa, tukaipita Mpunguzi, nikashuka Fufu kwanza kwa ajili ya mibuyu. Ilikuwa haina jani hata moja, mabuyu machache tu yamebaki kule juu ambako mawe ya watoto hayafiki. Jioni nikafika bwawani. Wanaopajua wanajua ile miti iliyokufa, imesimama ndani ya maji tangu bwawa lilipojazwa. Alfajiri mvuvi mmoja akakubali kunisogeza kwa mtumbwi. "Dada, piga utakavyo, ila usisimame." Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Juu ya mti mmoja ndege mnandi alikuwa ametanua mabawa anayakausha, na chini yake majini kulikuwa na mnandi wa pili, kamili, hata ncha ya mdomo. Nilimpiga mara moja tu. Nikashusha kamera, moyo unanienda mbio. Nilijua ninayo.

Sasa hapa kamera nayo ina lake, siwezi kuificha. Kihesabu picha cha Zenit hakijirudishi chenyewe, lazima ukizungushe kwa kidole hadi sifuri kila ukiweka mkanda mpya, na mimi sikukizungusha vizuri. Kilinionyesha nimebakiza picha tatu kumbe mkanda umekwisha. Kile kimkono cha kusogezea kikagoma, nikakilazimisha, nikasikia "tap". Mkanda uling'oka kwenye kijiti chake ndani ya kopo lake, lile unalonunuliwa nalo. Ukijaribu kuurudisha, kitasa kinazunguka bure, hakishiki kitu. Maana yake picha zote zimekaa upande wa pili, nje ya kopo, kinga yao dhidi ya mwanga ni mlango wa nyuma wa kamera tu.

Nililijua hilo, ndiyo maana sikugusa. Nikarudi mjini, nikaenda studio moja ambayo sitaitaja, yenye printa kubwa na bango la kusafisha picha za aina zote. Nikamweleza kijana wa kaunta, polepole, mara mbili: "Kaka, humu ndani mkanda umeng'oka. Usifungue hapa. Naomba ufunguliwe gizani, uwekwe kwenye hili kopo jeusi." Kopo nilikuja nalo mwenyewe. Aliipokea kamera kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu. "Hamna shida, dada." Na palepale juu ya kaunta, saa sita mchana, mlango wa duka uko wazi, akauvuta mlango wa nyuma.

Nikauona mkanda wangu. Ule mkunjo wa kijivu unaong'aa, uko nje kama utumbo wa mbuzi. Niliirukia kamera nikaifunga kwa mikono miwili, nadhani nilimbana kidole. Sekunde mbili, labda tatu.

"Umefanya nini?"

"Si nilikuwa naangalia kama kuna picha."

Mkanda ambao haujasafishwa hauonyeshi picha hata ukiukodolea macho mwaka mzima! Nikamwambia ameniunguzia kazi yote. Hakuniomba radhi. "Dada na wewe, siku hizi nani anatumia hivi? Si ungepiga kwa simu." Kisha akanidai elfu tatu. Ya nini? "Ya kufungua." Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikalipa.

Nilitaka kuandika kwamba studio za mjini zote ni za ovyo. Si kweli. Hao hao walimpiga mdogo wangu picha za mahafali na zilitoka safi kabisa. Na labda kijana hajafundishwa, amekua mikanda ikiwa imeshaondoka. Nikifikiria hivyo namwonea huruma. Halafu nakumbuka nilimwambia mara mbili. Huhitaji kujua mkanda ni kitu gani ili uelewe neno "usifungue".

Aliyeniokoa, kwa kiasi, ni mzee mmoja wa Chang'ombe ambaye zamani alikuwa akipiga picha za harusi. Sijamaliza kueleza akawa anatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo ungezima taa usiku, ukaingia chini ya blanketi zito, ukafungua mwenyewe. Studio ya nini?" Usiku huo tukaziba mlango wa bafu lake kwa mablanketi. Dawa za kusafishia picha nyeusi na nyeupe bado anazo. Kwa joto lile akawa anatia vipande vya barafu kwenye beseni mpaka kipimajoto kikashuka kwenye nyuzi 20, na suuza ya mwisho akafanya kwa maji ya chupa, kwa sababu ya bomba huacha madoa ya chumvi. Kisha tukautundika kwenye kamba ya nguo.

Picha za kwanza hukaa ndani kabisa ya mkunjo, zilizofuata zikazikinga. Tisa zimepona, kingo zimeungua. Ni mibuyu ya Fufu. Kuanzia ya kumi weusi unaongezeka, na kutoka katikati hadi mwisho mkanda ni mweusi tii. Mnandi alikuwa huko mwishoni. Nimeushika juani, nimeumulika kwa tochi ya simu, nimeutazama kwa kioo cha kukuzia. Hamna.

Nilirudi Mtera baada ya mvua. Maji yalikuwa yamepanda, ule mti sikuuona.

Zenit yenyewe wiki ile niliitangaza niiuze, na kama ndiyo unaanza, tafuta kamera ambayo kihesabu chake kinajirudisha chenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Kisha nikachapisha mmoja wa ile mibuyu tisa. Upande wa kushoto umeungua, lakini gome la ule mti unaweza kuhesabu mikunjo yake. Mteja alipokuja kuiangalia kamera nikamwambia imeshachukuliwa.

Mwenye studio alipata habari akanipigia, kwa heshima, akasema kuna mkanda mmoja wa zamani stoo, niende niuchukue bure. Nilimshukuru. Mpaka leo sijaenda.