Hema Kondoa: mchangani mtoni au mwinukoni?

Ukienda Kolo, wilayani Kondoa, Tanzania, kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ukapata ruhusa ya wenyeji kupiga hema jirani, macho yatavutwa na sehemu mbili: mchanga wa mto mkavu, au ardhi iliyoinuka kidogo.

Mchanga unashawishi kweli. Ni laini mgongoni, hauna miiba, na kingo hukinga upepo. Lakini mito mingi ya huku hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha hujaa ghafla. Mvua ikinyesha vilimani usiku, wewe huku chini unaona nyota tu, na maji yanakukuta usingizini. Kuanzia Desemba hadi Aprili nakusihi usilale humo kabisa, hasa ukiwa na watoto. Hata kiangazi, baridi ya alfajiri hutuama bondeni.

Mwinukoni kuna kazi zaidi. Fagia miiba ya migunga kabla ya kutandaza turubai. Kaa mbali na nyufa za mawe, maana nge na nyoka hujificha humo. Kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka mashariki, basi mlango uelekee magharibi, na moto uwashwe mbali, upande ambao cheche hazirudi hemani. Udongo ukiwa mkavu mno kushika vigingi, funga kamba kwenye mawe mazito.

Mimi nachagua mwinuko, masika na kiangazi.