Uzoefu wangu: nimempeleka mzee kufanyiwa henia, thieta wako vizuri, wodini sitaki hata kukumbuka

Sitaji hospitali, ni ya serikali, ya mkoa, wanaoijua watajua. Glovu na nyuzi tulinunua duka la dawa nje ya geti, hilo tumeshazoea wala silalamikii.

Mzee alipangiwa upasuaji asubuhi, akaambiwa asile kitu tangu usiku. Sawa, inaeleweka, chakula kikipanda ukiwa usingizini kinaweza kuingia kwenye mapafu. Ila mzee ana kisukari na kwenye faili imeandikwa! Saa mbili kimya, saa nne kimya, saa saba mchana jasho linamtoka, mikono inatetemeka, mdomo umekauka, naenda meza ya manesi nasema kwa adabu zote, "Shikamoo sista, samahani, mzee wa kitanda cha dirishani ataingia saa ngapi?" Hakuinua hata macho kwenye simu. "We dada ndo unapanga ratiba ya thieta? Kakae na mgonjwa wako."

Hata marahaba sikupewa. Yani mtu kashinda njaa na sukari yake halafu mimi nakua msumbufu!

Aliyetuokoa ni mama wa usafi, alinivuta pembeni na deki yake mkononi, "Mwanangu, leo hapasuliwi mtu, mashine ya kuchemshia vifaa imegoma tangu alfajiri." Tangu alfajiri! Mfanya usafi anajua, mgonjwa hajui. Nikamkimbilia dokta wa zamu, kijana wa intani, akapima sukari akakuta imeshuka vibaya, dripu ya glukosi hapohapo.

Sasa kilichonivuruga ni hiki. Siku mzee alipoingia kweli, mtaalamu wa usingizi alinielewesha kwamba yale mafurushi ya vifaa yanafungwa kwa tepu ambayo mvuke ukiwa wa kutosha inatoa mistari myeusi. Siku ile mistari haikutoka, nesi wa thieta akagoma kufungua. Na alikua sahihi kabisa, mzee wangu apasuliwe na mikasi haijaiva ya nini? Kwahiyo kuahirisha walipatia, kosa ni kunyamaza, na kusema "leo haipo, mpeni uji" kunahitaji bajeti gani jamani?

Mzee alichomwa ganzi ya mgongo kwahiyo alikua macho, anahadithia kila anayekuja kumpa pole. Kabla ya kisu wote walisimama, kila mtu akataja jina na kazi yake, wakataja jina la mzee na henia iko upande gani, wakaulizana kama antibayotiki imeshaingia, mwishoni nesi akahesabu gozi kwa sauti. Kumbe wanafuata karatasi ya Shirika la Afya Duniani, orodha ya mambo ya kuhakikisha wakati wa upasuaji, imetoka 2008, ina vipengele 19, ilijaribiwa hospitali za miji 8 duniani, London na Seattle zimo na Ifakara yetu hii imo, vifo vikashuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji toka 11 hadi 7. Karatasi tu! Kidonda cha mzee kimekauka bila usaha.

Nyota ngapi? Nilipanga moja. Thieta nawapa tano, wodi sifuri, hapana wodi moja, ya mama wa usafi na yule intani. Nikimkumbuka yule sista natamani nifute zote. Labda alikua amechoka, wodi nzima alikua peke yake, ila simu aliiwezaje?

Upande wa pili nao umeanza kuvimba kidogo, tumeambiwa tusubiri. Ikibidi nitamrudisha palepale, kwingine sina uhakika kama kuna mtu atakataa kufungua furushi bichi. Ila nitaenda na mashine yangu ya kupimia sukari, na ratiba simuulizi mtu wa wodini, naenda kugonga mlango wa thieta wanifukuze wenyewe.