TAHADHARI: Chai ya Wangfujing na mabasi bandia ya Ukuta Mkuu, Beijing

Hii ni kwa wanaokwenda Beijing, hasa nyie mnaomaliza mizigo Guangzhou kisha mnapanda treni kwenda kutembea siku mbili tatu. Matapeli wanaowinda watalii pale wana mbinu zao, na ni zilezile miaka nenda rudi.

Inayoumiza mfuko zaidi ni ya chai. Mtaa wa Wangfujing au kandokando ya uwanja wa Tiananmen, wasichana wawili nadhifu wanakusalimia kwa Kiingereza kizuri, wanasema ni wanafunzi kutoka mkoani, wanakuomba uwapige picha. Mkishazoeana wanakualika kuonja chai ya asili. Mnaingizwa chumba kidogo cha pembeni. Vikombe havizidi kifuniko cha chupa, zinaletwa aina tano au sita, na kila aina inahesabiwa kwa kichwa. Bili inakuja yuan elfu moja, elfu mbili au zaidi. Wasichana wanatoa fungu lao bila kunung'unika ili wewe uone haya kubisha. Wakishaachana nawe wanarudishiwa.

Dawa yake ni kuchagua mgahawa mwenyewe. Ukisema "twendeni pale mimi ninapopajua", watakuaga hapohapo. Kama umeshakaa, uliza bei kabla ya kikombe cha kwanza. Bili ikishafika, ipige picha pamoja na mlango na kibao cha duka, waambie unapiga 110, polisi. Ukilazimika kulipa, tumia kadi ya benki, maana malipo ya kadi unaweza kuyapinga benki. Pesa taslimu ikishatoka haina pa kuifuatia.

Kwa Ukuta Mkuu, basi halisi la kwenda Badaling, mojawapo ya sehemu za Ukuta, ni namba 877, linaanzia Deshengmen, mwendo mfupi kutoka kituo cha metro cha Jishuitan. Katikati ya metro na basi ndipo wapiga debe wanapokaa, wamevaa majaketi kama ya wafanyakazi wa mabasi na vitambulisho shingoni. Watakwambia 877 haliendi leo, au watakuelekeza basi jingine lenye namba hiyohiyo iliyobandikwa kiooni. Hilo litakuzungusha kwenye maduka ya jade na dawa za asili, na kwenye Ukuta utaachiwa muda kiduchu. Usijibu mtu. Nenda moja kwa moja hadi kwenye mnara wa kale wa Deshengmen, panga foleni na wenyeji, lipa nauli ndani ya basi. Asiyetaka usumbufu apande treni ya Badaling kutoka stesheni ya Qinghe.

Wanaokwenda Mutianyu, sehemu nyingine ya Ukuta, hupanda basi la haraka namba 916 kutoka Dongzhimen hadi Huairou. Njiani anapanda mwanamume mwenye sare, anaita "Mutianyu, Mutianyu, shukeni hapa!" Chini kuna teksi bubu inasubiri. Kaa kwenye kiti, fuata ramani ya simu yako.

Kasri la kifalme, Gugong, ni rahisi kujikinga ukijua tiketi inavyofanya kazi. Inakatwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti, inafunguliwa siku 7 kabla, yuan 60 Aprili hadi Oktoba na 40 miezi mingine. Langoni inasomwa pasipoti yenyewe. Kwa hiyo anayekuuzia tiketi mkononi pale lango la Wumen anakuuzia karatasi tu. Wachina huwaita walanguzi hawa huangniu, "ng'ombe wa njano". Akikwambia kasri limefungwa leo, angalia siku: hufungwa Jumatatu, isipokuwa za sikukuu.

Ukitokea lango la kaskazini, Shenwumen, utakutana na baiskeli za matairi matatu. Dereva anakuonyesha vidole vitatu, unadhani yuan 3 au 30, mwisho wa safari anadai 300, tena mkiwa kwenye kichochoro. Andika kwenye simu jumla ya nauli ya wote, kwenda hadi mwisho, umwonyeshe, akikubali piga picha ndipo upande.