Omron E5CC ikiandika S.ERR, usikimbilie kununua nyingine

Mafundi wenzangu, karibuni tena hapa karakanani Chang'ombe. Hii mezani ni kontrola ya joto, Omron E5CC, ile ndogo yenye uso wa milimita 48 kwa 48 mnayoikuta kwenye matanuri ya mikate na mashine za plastiki. Leo nataka tuitazame ikiugua, kwa sababu inaniuma kuona watu wanazitupa zikiwa nzima.

Kuna mama mmoja Mbagala ana tanuri la mikate. Alinipigia alfajiri: "Fundi, kontrola imekufa, imeandika S.ERR." Alishafika madukani Gerezani, akanunua nyingine, akafungiwa, ikaandika vilevile. Unga umeshakandwa na wateja wanasubiri. Sasa sikilizeni: S.ERR maana yake kontrola haipati habari sahihi kutoka kwenye sensa.

Angalieni mikono yangu. Nazima breka kwanza. Nafungua nyaya mbili za themokapo, yaani sensa ya joto ya nyaya mbili za metali tofauti, halafu terminali zile mbili naziunganisha kwa kipande kifupi cha waya. Nawasha. Mnaona? Nyuzi 31. Hilo ni joto la hapa nyuma ya kontrola yenyewe. Kontrola ni nzima, basi ugonjwa uko kwenye sensa au njiani. Kwa yule mama themokapo ilikuwa imekatika ndani kwa ndani, upande wa moto, na kwa nje huoni kitu.

Lakini kabla ya kununua sensa, hakiki aina uliyoiwekea. Shikilia kitufe chenye duara kwa sekunde 3, tafuta in-t, mpangilio wa aina ya sensa. Namba 5 ni themokapo ya K, moja ya aina za themokapo. 0 hadi 2 ni Pt100, sensa ya aina nyingine inayopima kwa ukinzani wa platini. Ukiingia humo kontrola inaacha kuendesha hita, kwa hiyo usifanye hivyo mikate ikiwa ndani.

Ikiandika E111 ni habari nyingine, hiyo ni hitilafu ya kumbukumbu ya ndani. Zima, washa. Ikirudi, hapo kweli inahitaji matengenezo. Ikiondoka, huenda ni usumbufu wa umeme kutoka nyaya jirani, kwa hiyo tazama nyaya za sensa zimepita wapi. Mara nyingi unakuta zimefungwa tai moja na nyaya za hita na kontakta, ile swichi kubwa inayowasha hita. Zitenganishe.

Sasa hapa ndipo ninapoogopa zaidi: makosa yasiyoandika chochote. Ukigeuza nyaya za themokapo, tanuri linapanda lakini namba inashuka, na kontrola inazidi kuchochea moto ikidhani bado baridi. Kwa themokapo ya K, S.ERR inaweza kuja tanuri likiwa limeshapita nyuzi 200. Na rangi zinadanganya, jamani! Kwenye waya za K za mfumo wa Kimarekani, nyekundu ni hasi. Za mfumo wa kimataifa wa IEC, kijani ni chanya na nyeupe hasi. Mimi natembea na sumaku mfukoni: waya wa K unaovutwa na sumaku ndio hasi.

Na tafadhali, msirefushe themokapo kwa waya wa kawaida wa shaba. Kiungo kikiwa karibu na tanuri kwenye nyuzi 60, na kontrola iko kwenye 30, namba itapungua kama nyuzi 30 hivi. Mikate inaungua, mwokaji anagombezwa bure. Nunueni waya wa K wenyewe.

Maoni yangu kuhusu kifaa: naipenda, namba zake zinasomeka hata ukisimama mbali. Kinachonikera ni kwamba S.ERR ni moja kwa sensa iliyokatika na kwa aina iliyowekwa vibaya, kwa hiyo lazima upime mwenyewe. Yule mama tulimbadilishia themokapo tu. Ile kontrola ya pili iko kabatini kwake, kwenye boksi lake, kama spea.