Canon EOS 80D Harusini: Uchambuzi wa Picha na Video

Ndugu watazamaji, karibuni. Kamera iliyo hapa mezani ni Canon EOS 80D, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo leo wengi huinunua ikiwa imekwishatumika. Nitaitazama kwa jicho la mtu anayetaka kupiga picha na kurekodi video za sherehe, kwa sababu kazi hizo mbili kamera hii huzifanya kwa njia mbili tofauti kabisa.

Unapopiga picha, mwanga unaopita kwenye lenzi hugonga kioo kidogo na kupandishwa hadi kwenye tundu la kutazamia, kwa hiyo unachokiona ni tukio lenyewe wala si skrini. Ukibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, shata (pazia lililo mbele ya kihisi) hufunguka, na mwanga hukifikia kihisi, yaani sehemu inayonasa picha, chenye megapikseli 24.2. Kuna pointi 45 za fokasi, na kasi ya picha 7 kwa sekunde inatosha kabisa ukumbini.

Wengi hulalamika kwamba nyuso hutoka na giza, wakailaumu lenzi bure. Kipimo cha mwanga hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani; kwa hiyo gauni jeupe la bibi harusi likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga mpaka gauni linakuwa la kijivu na uso unazama gizani. Mkiwa kwenye Av, hali ambayo ninyi huchagua upana wa tundu la lenzi na kamera huchagua kasi ya shata, zungusheni gurudumu la nyuma muongeze mwangaza kwa hatua moja, au moja na theluthi moja, kisha mkuze picha kwenye skrini mtazame darizi za gauni. Zikiwa zimepotea katika weupe, rudisheni kidogo.

Kwa upande wa video, ukisogeza swichi iliyo kando ya tundu la kutazamia, kioo hunyanyuka na kubaki juu, tundu huwa giza, na kuanzia hapo unategemea skrini, ambayo kwa bahati njema hufunguka kando, hugeuzwa na huguswa. Fokasi nayo hufanywa na kihisi chenyewe, kwa mfumo wa Dual Pixel ambamo kila pikseli imegawanywa nusu mbili zinazolinganisha mwanga. Gusa uso wa msemaji, fokasi itamwendea taratibu bila kuyumbayumba. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu kubwa ya kuinunua.

Video yake hufikia Full HD ya fremu 60 kwa sekunde, 4K, ambayo ni kali zaidi ya Full HD, haimo. Kila rekodi hukoma kabla ya kutimia dakika 30, hivyo hotuba ndefu itawalazimu kubonyeza tena. Maiki ya ndani ni ya kujisaidia tu, lakini kuna tundu la maiki ya nje na la hedifoni pia, ambalo Canon 800D ya bei nafuu haina.

Kamera zilizotumika Marekani mara nyingi huwa zimewekwa kwenye mfumo wa video wa NTSC, kwa sababu umeme wa huko ni wa hezi 60. Wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa za ukumbi hupepesa kufuata umeme huo, ndiyo maana video hutokea mistari ya giza inayopanda na kushuka. Ingieni kwenye menyu, wekeni PAL, mfumo unaoendana na hezi 50, fremu 25 kwa sekunde, na shata ya 1/50 ya sekunde. Zipo taa za LED za bei rahisi ambazo hata hivyo hazitatulia.

Betri ya LP-E6N imekadiriwa picha 960 kwa tundu la kutazamia, ingawa video huimaliza upesi zaidi. Kinachonikera ni nafasi moja tu ya kadi: kadi ikiharibika, harusi ya watu imepotea, na hairudiwi.

Mkienda kuinunua, ulizeni shata imepiga mara ngapi, maana imekadiriwa mara 100,000. Igeuzeni skrini pande zote ikiwa inawaka, kisha pigeni ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, muone kama kihisi kina madoa. Mteja wenu akidai 4K, tafuteni Canon 90D ya mwaka 2019, ambayo inatumia betri hiyohiyo na lenzi hizohizo.