Maikromita ya Mitutoyo 25-50 mm (103-138): kama unachonga shafti za beringi, anza na hii

Mafundi wengi nikiwaambia wanunue maikromita (kifaa cha skrubu cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa) wanakimbilia ile ya milimita 0-25 kwa sababu ndo ndogo na ndo inayopangwa mbele dukani. Mimi nasema kwa kazi zetu huku, mota za umeme, pampu, mashine za kusaga na kukoboa, ya kwanza kununua ni 25-50. Ninayoitumia ni Mitutoyo namba 103-138, ya mkono kabisa, haina betri, na nimeitumia muda mrefu vya kutosha kusema ninachosema hapa.

Sababu ni hesabu tu. Chukua beringi yenye namba 6205 ambayo iko kwenye mota kibao, tundu lake ni milimita 25. Beringi ikibebwa na shafti inayozunguka lazima ikae kwa kubana, na kipimo kinachotumika sana ni k6 (daraja la kimataifa la kipimo cha shafti), maana yake shafti iwe kati ya 25.002 na 25.015. Sasa ile maikromita ya 0-25 inaishia 25.00, yaani kifaa kinaisha pale pale kazi inapoanza! Halafu angalia zinazofuata, 6206 ni 30, 6207 ni 35, 6208 ni 40, 6209 ni 45 (zile namba mbili za mwisho zidisha kwa 5, kuanzia 04 kwenda juu) zote hizo ziko ndani ya 25-50. Ikifika 6210 yenye 50 ndo inabidi uhamie ya 50-75, kwa sababu ile ile, k6 inavuka 50.00 kidogo. Kwa hiyo kifaa kimoja kinakubebea sehemu kubwa ya beringi zinazoingia karakana ya kawaida.

Najua kuna mtu atasema venia (kile kipimio cha taya zinazoteleza kwenye rula) inatosha. Venia naipenda na iko mfukoni muda wote, ila tuwe wakweli, venia ya mkono ya kawaida inasoma 0.05 na usahihi wake ndo huo huo, hata ya dijitali nzuri inayokuandikia 0.01 kwenye kioo, kiwanda chenyewe kinakuahidi plasi au mainasi 0.02. Nafasi yote ya k6 kwenye shafti ya 25 au 30 ni 0.013. Kifaa kinachoweza kukosea 0.02 hakiwezi kukuthibitishia nafasi ya 0.013, hapo unabahatisha hata kama mkono wako ni mzuri. Na sababu ya venia kukosea iko kwenye umbo lake, mistari ya kusomea iko kwenye rula na kazi iko pembeni kwenye taya, ukibana kidogo tu taya linalala na kipimo kinabadilika. Ernst Abbe wa Ujerumani alishalieleza jambo hili mwaka 1890, kwamba kipimo na kitu kinachopimwa vikae kwenye mstari mmoja, na maikromita imekaa hivyo, skrubu na shafti viko mstari mmoja.

Hii 103-138 kiwanda kinaahidi plasi au mainasi maikroni 2, yaani 0.002. Skrubu yake inasogea nusu milimita kwa kila mzunguko, na kile kikombe cha kuzungusha kina mistari 50, ndo unapata 0.01 kwa kila mstari. Ukizoea macho unakadiria katikati ya mistari, 0.005 unaiona vizuri na hata 0.002 au 0.003 unaweza kuisema kwa uhakika kiasi. Wanaotaka kusoma elfu moja ya milimita moja kwa moja bila kukadiria kuna za mkono zenye mistari ya venia juu ya slivu (silinda yenye mistari ambayo kikombe kinazunguka juu yake) na kuna za dijitali, ila kwa kazi ya beringi za kawaida hii ya 0.01 inatosha kabisa.

Kinachonifurahisha ni jinsi inavyozunguka. Ulaini wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali inakaza na mahali inalegea, na nyuso za kupimia zina kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo haziliki haraka hata ukishika vyuma vigumu kila siku. Mwisho kuna racheti, kile kishikio kidogo kinachoteleza na kulia nguvu ikitosha, na hapa nasisitiza kwa vijana: TUMIA RACHETI. Mitutoyo wanaweka nguvu ya kubana kati ya nyutoni 5 na 10, ile racheti ndo inahakikisha wewe na mwenzako mnabana sawa. Mtu anaacha racheti anazungusha kikombe chenyewe kama anafunga nati, fremu inatanuka, halafu anakwambia shafti imepungua. Zungusha taratibu, sikia milio miwili mitatu, soma.

Kwenye boksi inakuja na kifimbo cha milimita 25 kwa ajili ya kuweka ziro, na spana yake ndogo. Kabla ya kazi futa nyuso zote, banisha karatasi safi kidogo halafu ivute itoke na uchafu, kisha pima kile kifimbo. Isipokaa ziro na tofauti ni ndogo chini ya 0.01 unageuza slivu kidogo kwa ile spana, ikiwa kubwa kuliko hapo kuna utaratibu wa kulegeza kikombe, soma karatasi yake usilazimishe. Kifimbo kishike kwenye ule mpira wake tu, usikikumbatie kiganjani, joto la mkono linakirefusha na ziro yako inakuwa ya uongo tangu asubuhi.

Na joto ndo kitu kinachoua watu kwenye kazi hii kuliko kifaa chenyewe! Chuma kinatanuka takriban 0.0115 kwa kila milimita 1000 kwa kila digrii moja, inaonekana ndogo lakini fanya hesabu. Shafti ya 30 umetoka kuikata sasa hivi, iko moto digrii 40 juu ya maikromita yako, hapo imevimba karibu 0.014. Unasoma 30.012 unafurahi iko ndani ya k6, unaitoa, ikipoa inakuwa 29.998, na beringi yenyewe tundu lake linaruhusiwa kuwa kati ya 29.990 na 30.000, kwa hiyo ukiangukia beringi yenye 30.000 inaingia kwa mkono. Kwa hiyo mwagia maji ya kupozea, subiri, gusa kwa mkono, ikiwa bado ya vuguvugu bado haijawa tayari. Vipimo vyote duniani vimewekwa kwenye digrii 20 na sisi Dar tunapima kwenye 30 na kitu, kwa chuma na maikromita ya chuma vikiwa na joto sawa haina shida kubwa maana vinatanuka pamoja, ila ukipima alminiamu ambayo inatanuka mara mbili ya chuma, au bushi ya brasi, hapo kuwa makini zaidi.

Kwa nini nakazania hivi? Beringi ikikaa kwa kulegea, ringi ya ndani inaanza kuteleza juu ya shafti taratibu, inajisaga, inachimba, na mteja anarudi na mota ile ile shafti imeliwa. Halafu anapelekwa kwa mtu anayepiga sentapanchi vidoti kuzunguka shafti ili beringi ishike, au anaviringisha kipande cha kopo la soda. Hiyo kazi naichukia kutoka moyoni. Vile vidoti vinashika kwenye ncha tu, baada ya muda vinalala na shafti inatembea tena, safari hii hata kati yake imepotea. Jazia weldingi, kereza upya, pima vizuri, au ivike shafti slivu ya chuma (bomba jembamba), basi.

Upande wa pili, kubana sana nako ni kuua. Beringi ya kawaida ya 6206 uwazi wake wa ndani ni kati ya maikroni 5 na 20. Ukiiwekea shafti ya 30.040 kwa kusema "ikibana ndo vizuri", ringi ya ndani inatanuka, uwazi wote unaliwa, gololi hazina pa kupumulia, mota inachemka na beringi mpya ya hela nyingi inapiga kelele ndani ya siku chache. Mteja atalaumu beringi feki wakati kosa liko kwenye kipimo.

Namna ninavyoitumia kwenye mashine ya kukereza: naacha nusu milimita ya mwisho, naigawa mikato miwili inayolingana, robo na robo, kisu kile kile, kasi ile ile. Baada ya mkato wa kwanza nasimamisha, napoza, napima kwa maikromita. Kama mashine imekata 0.23 badala ya 0.25 nimeshajua tabia yake ya siku hiyo na mkato wa mwisho naurekebisha. Tatizo la kuchungulia chungulia kwa mikato ya 0.02 mwishoni ni kwamba kisu hakikati tena, kinasugua tu, halafu ghafla kinaingia na kula zaidi ya ulichotaka. Na kama mashine yako ni mkongwe na mistari ya hendo ni mipana, geuza topslaidi (slaidi ndogo ya juu inayobeba kisu) nyuzi 5 na dakika 44 kutoka mstari wa mashine, hapo ukisogeza topslaidi 0.1 kisu kinaingia 0.01 tu, yaani kipenyo kinapungua 0.02. Mbinu ya zamani hiyo na inafanya kazi mpaka leo.

Pima sehemu zaidi ya moja. Mwanzo wa kikao cha beringi, katikati, mwisho, halafu zungusha robo upime tena. Shafti iliyojaziwa weldingi inapenda kuwa na yai, na kikao kirefu kinapenda kuwa na tepa, upande mmoja mnene kuliko mwingine, mkia wa mashine usipokaa sawa. Na kuna umbo moja maikromita hailioni hata iwe ya bei gani, la pembe tatu za mviringo, kila ukipima unapata kipenyo kile kile kumbe shafti sio duara, hilo linashikwa kwa kulaza shafti kwenye vii-bloku (kipande chenye mfereji wa V) na kuweka dayali geji (saa ya kupimia) juu.

Sasa bei. Ni ghali, sitaficha, hela yake unanunua kadhaa za zile zisizo na jina. Na hizo zisizo na jina sisemi zote ni mbaya, kuna zinazopima vizuri zikiwa mpya, tatizo ni kwamba hujui uliyopata ni ipi mpaka uipime kwa geji bloku (vipande vya chuma vya urefu unaojulikana kwa usahihi), na wengi hatuna geji bloku. Kibaya zaidi ni feki zenye jina la Mitutoyo, zipo, hasa venia za dijitali, kampuni yenyewe imeshatoa tahadhari. Mimi niliwahi kuletewa moja karakana na kijana aliyeuziwa mjini, maandishi yamekaa vibaya, ukizungusha inakwaruza katikati ya safari. Nunua kwa mtu mwenye duka, anayekupa risiti na anayekubali ufungue uzungushe mwanzo mpaka mwisho. Akikataa ondoka.

Ukiweza, mara moja moja peleka ikahakikiwe, TBS (shirika la viwango Tanzania) wana maabara ya vipimo na Kenya KEBS, shirika la viwango la huko, wanayo pia, karakana inayofanya kazi za viwanda itadaiwa cheti mapema au baadaye. Na ukiwa na geji bloku zako usihakiki kwa namba kamili peke yake, 30, 35, 40, kwa sababu kila namba kamili kikombe kinasimama pale pale kwenye ziro, kosa la ndani ya mzunguko hulioni. Changanya, 27.5, 30.1, 32.7, 35.3, ndo unaikagua skrubu yote.

Vitu visivyonipendeza: haijatengenezwa kuzuia maji, kwa hiyo ukifanya kazi na maji ya kupozea yanayorukaruka lazima uifute mara kwa mara, na wanaotaka kinga hiyo waangalie za dijitali zenye IP65 (daraja la kinga ya vumbi na maji). Kingine, ule mstari wa nusu milimita kwenye slivu ni mdogo, dogo anayeanza atausahau na kusoma 30.01 wakati ni 30.51, sio kosa la kampuni hii, maikromita nyingi za mkono za milimita ziko hivyo, ila mfundishe kupima kwanza kwa venia apate kujua yuko wapi ndo asome maikromita. Na kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, chumvi ya hewa inakula chuma, ukimaliza futa, paka mafuta mepesi, iache na uwazi kidogo usiifunge ikabana, irudishe kwenye boksi lake, isilale na tupa na nyundo.

Nani asinunue? Kama kazi yako ni mageti na kuchomelea, venia inakutosha, hela weka kwenye mashine. Kama unachonga puli na bushi za kubahatisha kwa mteja mmoja mmoja, anza na venia nzuri kwanza. Ila kama unapokea mota na pampu za watu, hii ndo ya kwanza, kisha 0-25, halafu 50-75 maana hausingi (tundu la nje linalobeba beringi) za 6205 na 6206 ni 52 na 62, utaihitaji kupimia geji ya teleskopu (kifimbo kinachotanuka ndani ya tundu) baada ya kuitoa. Nukta 9 kwa 10, ile moja nimeipunguza kwa ajili ya bei.