Kozi ya kuhutubia kwenye komyuniti koleji za Marekani: inalipa, ila kagua silabasi kwanza

Anayejisajili komyuniti koleji Marekani, yaani chuo cha miaka miwili, atakutana na kozi ya kuhutubia mapema, apende asipende. Texas inaitwa SPCH 1315, Florida SPC 2608, na California, tangu muhula wa vuli wa 2025, imepewa namba moja kwa koleji za umma: COMM C1000. Jina linabadilika, bidhaa ni ileile. Yuniti (krediti) tatu, wiki kama 16, wanafunzi 25 hivi, hotuba tatu au nne za alama, na mtihani mmoja au miwili wa nadharia. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti, yaani dola 138 kabla ya ada ndogondogo. Mwanafunzi wa kigeni hulipa mara kadhaa ya hapo. Wengi hawaichukui kwa mapenzi. Cal-GETC, mpango wa California wa masomo ya kuhamia chuo kikuu, unadai mawasiliano ya mdomo katika kipengele cha 1C, kwa hiyo wengi wanaoukamilisha ili waende chuo kikuu cha umma huishia kwenye kozi hii.

Watu hudhani wanalipia jukwaa. Hebu piga hesabu. Wanafunzi 25, kila mmoja dakika 6, ongeza kupanda, kushuka, kufungua slaidi zinazogoma na maswali mawili matatu: dakika 10 kwa kichwa. Raundi moja inameza saa nne na ushei, na darasa hukutana saa tatu kwa wiki. Jumlisha hotuba zako zote za muhula, utakuta umesimama mbele ya watu dakika 20 tu kati ya saa 48 za darasa. Kwa jukwaa peke yake, bei ni kubwa. Kinacholipa ni kile kinachofanyika kabla ya kusimama: kozi hii inakulazimisha kuijenga hotuba kwenye karatasi, kipande kwa kipande, na mtu mwingine anaikagua kabla haijatoka mdomoni. Hapo ndipo alama nyingi hupotea, na ndipo mafunzo halisi yalipo.

Tuchukue hotuba ya pili, ile ya kuarifu, dakika 5 hadi 7. (Ya kwanza ni ya kujitambulisha, dakika 2 au 3, alama chache, ni ya kupima maji tu.) Mwanafunzi anakuja na mada: "M-Pesa". Mwalimu anairudisha, na ana haki. Hiyo ni mada ya kitabu. Anatakiwa aandike lengo mahususi katika sentensi moja: kuieleza hadhira yangu namna shilingi taslimu inavyogeuka kuwa salio la simu na kurudi kuwa taslimu. Chini yake inakuja kauli kuu: pesa hupita mikono mitatu, wakala, laini ya simu na akaunti ya amana iliyoko benki. Sasa hotuba ina mgongo. Hoja ya kwanza ni wakala na floti yake, yaani salio lake la kuhudumia wateja: anapokea noti zako, anakutumia salio kutoka kwenye lake, na floti ikikauka hawezi kukuwekea pesa hata kama umemshikia noti mbele ya macho. Hoja ya pili ni ujumbe wa simu na namba ya siri. Ya tatu, ambayo Mmarekani hajawahi kuifikiria, ni kwamba thamani ya salio lote hukaa kwenye akaunti za amana katika benki za kibiashara. Ndiyo maana salio si ahadi hewa. Kwamba Safaricom iliizindua huduma hii Machi 2007 ni sentensi moja ya utangulizi. Haistahili kuwa hoja, ingawa wanafunzi wengi wangeipa dakika mbili nzima za historia.

Kati ya hoja na hoja unatakiwa kuandika daraja kwa ukamilifu: "Tumeona noti inavyomfikia wakala, sasa tuifuate inapoingia kwenye simu." Wanafunzi huliruka, wakiamini litakuja lenyewe. Haliji. Likikosekana, msikilizaji hajui kama umehamia hoja ya pili au bado unaihangaikia ya kwanza, na kwenye jedwali la alama kuna kisanduku chake.

Kosa linaloangusha hata wanafunzi wazuri ni kutotaja vyanzo kwa mdomo. Orodha ya marejeo mwishoni mwa karatasi haitoshi, maana hadhira haiioni. Ukitoa takwimu, taja ni ya nani, ana uzito gani katika jambo hilo, na ni ya mwaka gani, hapohapo ndani ya sentensi. Hotuba ya kuarifu hudai vyanzo vitatu au zaidi kutajwa hivyo. Mtu anaweza kuwa na vyanzo saba kwenye karatasi akapata sifuri katika kipengele hiki kwa sababu hakufungua mdomo kuvitaja.

Muda una hila zake. Kwa kasi ya maneno 130 kwa dakika, hotuba ya dakika 6 ni maneno kama 780: utangulizi sekunde 45, mwili dakika nne na nusu au zaidi kidogo, hitimisho nusu dakika. Nyumbani inatoka dakika 6 kamili, darasani inaisha kwa dakika 4 na sekunde 40, kwa kuwa woga huongeza kasi. Dawa ni kufanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti kamili, mara tatu, na kupima kila mara. Kusoma kimyakimya kitandani si mazoezi. Na usiende na karatasi yenye hotuba neno kwa neno. Hamishia maneno ya msingi kwenye kadi za inchi 3 kwa 5, tatu hadi tano, upande mmoja tu, zenye namba pembeni, maana kadi huanguka. Sentensi kamili ziwe mbili tu: ya kufungua na ya kufunga. Takwimu ziandike kwa tarakimu kubwa.

Hotuba ya kushawishi hufuata mpangilio wa Alan Monroe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Purdue, wa miaka ya 1930: kuvuta usikivu, kuonyesha tatizo, kutoa suluhisho, kuchora picha ya kesho, kuitisha hatua. Ni mpangilio mzuri, ila kozi nyingi huufundisha kwa pupa kwa sababu muhula unakuwa ukingoni. Matokeo yake wanafunzi huishia na wito wa "tuelimishe jamii", ambao hakuna anayeweza kuutekeleza. Wito unaopata alama ni ule ambao msikilizaji anaweza kuufanya kabla ya Ijumaa.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mizigo yake, na vitabu vya kozi havimtaji. Wa kwanza ni itifaki. Sisi tumelelewa kwamba hotuba huanza kwa kutambua waliopo, kushukuru waandalizi, kuomba radhi, kisha "itifaki imezingatiwa". Kwenye jedwali la kozi, sekunde 30 za kwanza zinapimwa kwa kitu kimoja: je, umewavuta? Salamu zikienda dakika nzima, utakuwa umekula sehemu ya sita ya hotuba yako bila kusema neno lenye alama. Anza na tukio au swali. Jina lako lifuate. Na usiombe radhi kwa Kiingereza chako. Hakuna aliyekuuliza.

Wa pili ni methali. Ni silaha nzuri, lakini "haba na haba hujaza kibaba" inamtaka Mmarekani kwanza aelewe kibaba ni nini, na maelezo yanamaliza utamu. Itamke kwa Kiswahili, waisikie, toa maana kwa sentensi moja, songa mbele. Ikihitaji sentensi ya pili, iache.

Wa tatu ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huubeba mkazo huo hadi kwenye Kiingereza: "character" inatoka imekazwa katikati, "category" inakazwa kwenye "go". Msikilizaji anakwama kwenye neno hilo na kukosa mawili yanayofuata. Lafudhi yenyewe haikatwi alama katika darasa linaloendeshwa vizuri. Kinachopimwa ni kueleweka. Chukua kalamu nyekundu, pigia mstari silabi yenye mkazo kwa maneno kumi magumu ya hotuba yako, kwenye kadi zilezile. Kazi ya robo saa.

Kuhusu woga, madarasa mengi hutumia dodoso la mtafiti wa mawasiliano James McCroskey la 1970, sentensi 34, alama kati ya 34 na 170, mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Ni kipimo kizuri, mradi usikichukulie kama cheti cha ugonjwa. Woga huwa juu zaidi kabla tu ya kuanza na katika dakika ya kwanza, kisha hushuka wenyewe. Ndiyo maana sentensi za kufungua hukaririwa, na zilizobaki hazikaririwi.

Toleo la mtandaoni linavutia wanaofanya kazi zamu za usiku, lakini si rahisi kama linavyoonekana. Kwa kawaida unatakiwa kurekodi hotuba mbele ya watu wazima, mara nyingi watano au zaidi, wanaoonekana kwenye kamera, video moja bila kukatwa, wewe ukionekana kuanzia kichwani hadi miguuni. Kuwakusanya watu watano sebuleni mara nne kwa muhula, katika nchi ambayo kila mtu ana zamu yake, ni mtihani kuliko hotuba yenyewe. Simu ikiegemezwa kwenye kikombe mezani, kamera inakuangalia kutoka chini na sauti inamezwa na jokofu. Iweke usawa wa macho, hatua tatu kutoka ulipo, na urekodi nusu dakika ya majaribio kwanza. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, akumbuke pia kwamba kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti tatu, ndiyo inayohesabika kwa muhula katika kutimiza masomo ya muda wote. Kuitumia nafasi hiyo kwa kozi hii ni kuipoteza.

Silabasi isomwe wiki ya kwanza, kabla tarehe ya kuacha kozi na kurudishiwa pesa haijapita. Tazama mambo manne. Je, muhtasari wa hotuba unakusanywa na kurudishwa na maoni kabla ya siku ya hotuba, au siku hiyohiyo? Ukirudishwa baadaye, umenunua nusu ya kozi. Hotuba zina asilimia ngapi ya alama zote? Chini ya 50, hiyo ni kozi ya nadharia yenye jina lingine. Kuzidisha muda kunakatwa vipi, na kuna sekunde za ziada? Na kitabu: koleji nyingi sasa hutumia vitabu huria vya bure, na kwa ngazi hii vinatosha kabisa. Darasa linalodai kitabu kipya cha dola mia moja kwa ajili ya namba ya siri ya kufungulia majaribio ya mtandaoni, tafuta jingine lenye saa zinazokufaa.

Toleo la kiangazi la wiki sita lina hotuba zilezile, moja kila wiki na nusu. Aliyekwisha kuzoea kusimama atalimaliza. Anayeanza kabisa hatapata muda wa kuitazama video ya hotuba moja kabla ya kuandika inayofuata.